Barua kwa mwanangu anayetaka kuifuata bendi mikoani

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na nimeisoma kwa sauti ili mama yako mkubwa naye aisikie, kwa kuwa jambo lenyewe linamhusu kuliko unavyodhani. Unaniuliza kama ni busara kwa mtu mzima, mwenye kazi na majukumu, kutumia likizo yake yote ya mwaka kuifuata bendi moja kutoka Korogwe hadi Lushoto, kisha Same, Babati na Kondoa, kwa sababu vijana hao wanapiga gitaa kavu lisilo la umeme, zeze na marimba bila promota wala matangazo ya redio, na kwa sababu unahofia kwamba mwakani watakuwa wamekwisha kupata umaarufu au wamekwisha kusambaratika. Swali la busara nitalifikia. Kwanza nakuuliza jambo ambalo hukuligusa: unaifuata bendi, au unamfuata yule binti anayeimba? Umenieleza sauti yake kwa kirefu, pumzi zake, hata namna anavyofumba macho kabla ya kiitikio, lakini mpiga zeze hukumtaja isipokuwa kwamba yupo.

Unajua kwamba mimi na dada yangu tuliwahi kuifuata bendi katika reli ya kati. Marehemu baba yako aliipenda sana hadithi hiyo, lakini aliigeuza kichekesho, na kila alipokaribia mwisho nilimkatiza, kwa hiyo mwisho wake hujausikia. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1980. Wakati huo bendi nyingi kubwa zilikuwa mali ya mashirika na jumuiya: Juwata Jazz ilikuwa ya wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama, Mlimani Park ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania na kupigwa hewani mpaka hata mtoto akazijua, lakini aliyetaka kuusikia muziki wenyewe ukipigwa mbele yake hakuwa na njia isipokuwa ukumbi, na aliyeishi mbali na Dar es Salaam alingoja msimu. Ziara za mikoani zilipangwa baada ya mavuno, vyama vya ushirika vilipokuwa vimewalipa wakulima wa pamba na tumbaku. Bendi ilifuata fedha ya wakulima, nasi tukaifuata bendi.

Jina la bendi yetu silitaji, nawe unalijua. Tulianzia Dodoma, na mpaka hapo sikuona tofauti yoyote na kumbi za Dar es Salaam, kwa maana watu walikuja wakitaka wimbo ule ule wa redioni, upigwe vile vile, na mpiga gitaa la solo akiongeza hata nukta moja walimtazama kwa mashaka. Manyoni mambo yakawa mengine. Ukumbi ulikuwa mdogo, jenereta ilinguruma nje ya dirisha, na nyimbo mpya za bendi zilikuwa hazijaanza kusikika hewani. Watu walisimama wakisikiliza bila kujua waanze kushangilia wapi. Basi wanamuziki wakalazimika kuwashawishi. Beti za mwanzo zikaimbwa polepole kuliko kawaida, kila neno likasikika, na walipoingia kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya wimbo inayokwenda kasi watu wacheze, mpiga solo hakulikatisha. Aliachia besi na tumba ziende peke yake, akarudi na mapigo ambayo sijayasikia katika rekodi yoyote, na ukumbi mzima ukaingia uwanjani kwa wakati mmoja. Nimekuambia tangu ukiwa shule, na leo nakuambia tena: bendi huonekana ilivyo mbele ya watu wasioijua.

Kwa hiyo ukiniuliza kuhusu miji midogo, sina ubishi. Ubishi wangu uko kwa mwimbaji.

Sisi tulikuwa na mwimbaji wetu, kama wewe ulivyo na binti huyo. Kufika Manyoni alikuwa amekwisha kutuzoea, akituita dada zake, na usiku ule baada ya dansi alikaa nasi kwenye benchi la stesheni akatueleza jinsi wimbo fulani ulivyotungwa, ubeti baada ya ubeti. Treni ilipofika, kila mtu akahangaikia behewa lake, yeye alichungulia dirishani akasema, "Dada zangu, tutaonana Urambo." Urambo ni nchi ya tumbaku, mbele ya Tabora, na huko wakulima walikuwa wameishalipwa. Tulifika mapema, tukalipa kiingilio, tukasimama mbele kabisa. Bendi ikaanza, ala zikatangulia, na aliyesogea kwenye maikrofoni alikuwa kijana aliyezoea kubeba vyombo. Mpiga besi ndiye aliyetunong'oneza baadaye: mwimbaji alikuwa amegeuza njiani kurudi Dar es Salaam, ambako bendi nyingine ilimngoja na mkataba mnono.

Usidhani lilikuwa jambo la ajabu. Mbaraka Mwinshehe aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Mlimani Park yenyewe iliyoanzishwa mwaka 1978 ilipata waimbaji kama Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Bitchuka kutoka Juwata, na mwaka 1985 Gurumo na wenzake kadhaa wakaondoka tena kwenda bendi ya Safari Sound. Mwanamuziki aliyelipwa mshahara mdogo na shirika, ambaye wimbo wake ulipigwa redioni kila siku bila kumtajirisha, alikuwa na haki ya kwenda anakothaminiwa. Hilo nalikubali, na nililikubali hata usiku ule. Lakini hakulazimika kusema tutaonana Urambo. Ama alikuwa amekwisha kuahidi kwingine akatudanganya bila sababu, maana sisi hatukuwa viongozi wa bendi hata atufiche. Ama aliamua njiani, na hapo simlaumu kwa lolote. Mpaka leo sijui ni lipi kati ya hayo mawili, na kila nikifikia uamuzi naubatilisha.

Sasa sikia kilichoniuma zaidi. Watu wa Urambo hawakutambua kwamba kuna kitu kimepungua. Yule kijana alikuwa na sauti nyembamba, akasahau ubeti wa pili akaurudia wa kwanza, lakini kwenye chemko alijitupa kwa moyo wote, na watu wakamtuza hadi fedha zikadondoka jukwaani. Mama yako mkubwa aliingia kucheza nao. Mimi nilisimama karibu na mlango nikiwa na hasira ambayo sikujua nimwelekezee nani. Dada yangu husema kwamba wimbo ni wa bendi, kwa kuwa mtunzi huleta maneno, lakini solo, besi, tumba na tarumbeta ndizo zinazoupa wimbo mwili wake mazoezini, kila mtu akichangia lake. Ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba neno lile lile kinywani mwa mtu mwingine halikunifikia mahali lilipokuwa likinifikia. Na hata hivyo, kama bendi huonekana ilivyo mbele ya watu wasioijua, basi watu wa Urambo waliiona na mimi sikuiona. Hapo ndipo imani yangu mwenyewe inaponishtaki, na dada yangu haniruhusu nisahau. Mimi niligeuza kesho yake kurudi Tabora. Yeye akaendelea nao hadi Kigoma, na anadai usiku wa Kigoma ulizidi zote. Siwezi kumkanusha, kwa kuwa sikuwako, na ndiyo maana anapenda kuutaja.

Bendi yako haifanani na yetu katika mambo kadhaa. Haina shirika linaloimiliki, kwa hiyo hakuna anayelipwa mshahara wala anayeamriwa; wakigawana kiingilio mlangoni, kila mmoja anajua usiku ule umewalisha au haukuwalisha. Zeze na marimba havihitaji jenereta, kwa hiyo wanaweza kupiga hata katika darasa la shule, na watu wa Kondoa, walio jirani na Wagogo ambao zeze kwao ni ala ya nyumbani, hawatawavumilia vijana wanaoipapasa tu. Huko ndiko ningependa uwasikie, kama ningekuwa nimeamua uende, jambo ambalo sijaliamua. Na kama utakwenda, lipa kiingilio kila usiku, hata watakapokuzoea na kukuambia upite bure, na usisafiri katika gari lao. Anayepita bure huanza kuwabeba wanamuziki moyoni kwa namna wasiyoiomba, akaanza kudai ahadi ambazo wao walizitoa kwa adabu tu, dirishani, treni ikiwa inaondoka.

Kuhusu busara uliyoniuliza, nilianza kuandika jibu la neno moja, nikalifuta. Nikaandika la pili lililopingana na la kwanza, nalo nikalifuta. Fedha ni yako na likizo ni yako, na umri wako unazidi ule niliokuwa nao mimi nilipopanda treni ile bila kumwambia babu yako ninakoshukia. Jaribu kwanza kumsikiliza mpiga zeze usiku mmoja mzima, ukiwa umemwekea binti kisogo, kisha uniandikie ulichosikia. Mama yako mkubwa, ambaye hukumuuliza, anasema uende, na anataka kujua kama gari la kutoka Babati kwenda Kondoa lina nafasi ya mtu wa pili.

Mimi mama yako.