Nyama, mimea na kibofu kisichotulia: niliyojifunza kwa mwili wangu

Dada yangu, nimelisoma swali lako mara mbili. Unasema una miaka minne hugusi nyama, maziwa wala mayai. Kibofu kinakuuma mwaka wa pili sasa, vipimo vya mkojo vinarudi safi, na mtu unayemheshimu amekuambia hutapona mpaka urudi kwenye nyama. Unauliza kama ni kweli, na kama ukila utakuwa umejisaliti.

Nimepita hapo hapo. Nilikuwa nakula mimea tupu kwa miaka mitano kabla kibofu hakijaharibika, nikala nyama na samaki kwa miezi 14, kisha nikarudi kwenye mimea kwa namna nyingine kabisa. Nitakueleza kwa urefu, maana majibu mafupi ndiyo yaliyonipoteza mimi.

Kwanza hakikisha unaumwa nini. Kama maumivu yamezidi wiki 6, mkojo ukioteshwa maabara hauoti kitu, haja inakubana usiku na mchana, kibofu kikijaa kinawaka na ukikojoa unapata nafuu ya muda, basi kuna uwezekano mkubwa ni ugonjwa wa maumivu ya kibofu, ule ambao jina lake la zamani ni interstishali sistaitisi. Mimi nilipewa antibayotiki mara saba ndani ya mwaka mmoja kabla daktari mmoja hajaagiza mkojo uoteshwe. Wachache kati yetu, wakichunguliwa ndani kwa kamera, hukutwa na vidonda vinavyoitwa vya Hunner, kwa jina la daktari wa Marekani aliyevieleza mwaka 1915. Wengi hatuna kidonda chochote cha kuonekana. Dhana mojawapo kubwa ni kwamba utando unaokinga ukuta wa ndani wa kibofu umepungua nguvu, kwa hiyo vitu vilivyomo kwenye mkojo, potasiamu ikiwemo, vinapenya na kuchokoza neva zilizo chini yake.

Nalikazia hili kwa sababu ushauri wa UTI, yaani maambukizi ya bakteria kwenye njia ya mkojo, na ushauri wa ugonjwa wetu huchanganywa kila siku, na kuchanganywa huko kunaumiza watu. Mwaka 2020 ulitoka utafiti wa Taiwan uliowafuatilia Wabudha zaidi ya 9,000, na wasiokula nyama walionekana kupata UTI kwa asilimia 16 pungufu kuliko walao. Rafiki yangu aliniletea habari hiyo akiniambia, "Unaona? Usiguse nyama." Lakini utafiti ule ulihusu maambukizi ya bakteria, na mimi sikuwa na bakteria. Juisi ya kranberi nayo ni hivyo hivyo: anayesumbuliwa na UTI za kujirudia inaweza kumsaidia, ila sisi tukiinywa ni kama kumwagia asidi kwenye mchubuko. Niliinywa wiki tatu nikidhani najitibu, na hizo ni kati ya wiki mbaya kuliko zote nilizowahi kuwa nazo.

Sasa nije kwenye chakula chenyewe. Nataka uandike kila unachokula kwa wiki moja kabla hujabadilisha chochote. Nilipofanya hivyo niliona kitu ambacho sikukitegemea. Asubuhi nilikunywa kahawa yenye maziwa ya soya. Mchana nilikula dengu zilizopikwa na nyanya nyingi, juu yake nikakamulia limau. Jioni tofu iliyolowekwa kwenye sosi ya soya na siki, pilipili ikiwa nyingi. Katikati nilikula machungwa, chokoleti nyeusi, na vidonge vya vitamini C kwa sababu nilitaka kinga ya mwili iwe imara. Kahawa, nyanya, jamii ya machungwa, siki, pilipili, chokoleti, soya, vitamini C: karibu vyote vinatajwa sana na wagonjwa wa kibofu kuwa vichokozi. Utafiti mmoja wa mwaka 2007 uliwauliza wagonjwa wenyewe, na zaidi ya asilimia 90 walisema kuna vyakula au vinywaji vinavyowazidishia maumivu. Kahawa, chai, pombe, soda, matunda ya jamii ya machungwa, nyanya, pilipili na vitamu vya kutengenezwa vinavyotumika badala ya sukari ndivyo vilivyojirudia.

Wakati ule sikuwa nimeliona hilo. Nilichoambiwa ni kile kile ulichoambiwa wewe: kula nyama. Nikala. Kuku wa kuchemsha, wali mweupe, viazi, karoti, chumvi kidogo, maji. Wiki ya tatu nikaanza kulala saa nne mfululizo bila kuamka kukojoa. Nililia kwa furaha, kisha nikalia tena kwa uchungu, kwa sababu niliamini kuwa miaka mitano ya msimamo wangu ndiyo iliyoniletea ugonjwa.

Angalia kosa lililojificha humo. Siku nilipoanza kula kuku niliacha pia vitu kumi vingine kwa mkupuo. Sikuweza kujua nafuu ilitoka kwenye kile nilichoongeza au kwenye vile nilivyoviacha. Ilinichukua miezi mitano kulijaribu jambo hilo sawasawa. Nilikula kuku yule yule kwenye mchuzi wa nyanya, na usiku huo huo kibofu kikachachamaa kwa siku tatu. Nilipotulia nikajaribu upande wa pili: siku kumi bila nyama kabisa, wali, viazi, maharage yaliyolowekwa usiku kucha na kupikwa kwa chumvi tu, brokoli, koliflawa, tango, peasi, lozi, maziwa ya mchele. Kibofu kikatulia kama kilivyotulia kwenye kuku. Nilirudia mara mbili ili niwe na hakika. Kwangu mimi nyama haikuwa dawa ya kibofu. Ilikuwa chakula kisichochokoza, na mimea isiyochokoza ilifanya kazi ile ile.

Tena si kila nyama. Nyama na samaki wa siku hiyo hiyo, waliopikwa bila viungo vikali, hawakunisumbua. Soseji, nyama za kopo na za kukaushwa kwa moshi zilinichoma vibaya, na wagonjwa wengi wanalalamikia hizo hizo kwa sababu ya vihifadhi na viungo vyake. Anayekwambia "kula nyama" bila kusema nyama gani na imepikwaje hajakupa ushauri.

Hata hivyo sitaki nikudanganye kwamba ile miezi 14 haikunipa kitu. Ilinipa. Nilipofika kwa mtaalamu wa lishe akaagiza damu yangu ipimwe, vitamini B12 ilikuwa chini na akiba ya madini ya chuma ilikuwa karibu kwisha. Nilikuwa nachoka nikipanda ngazi, nywele zinakatika, vidole vinakufa ganzi. Nilishauongezea ugonjwa wa kibofu njaa nyingine ya ndani kwa ndani, maana kila chakula kilichoniuma nilikiondoa na sikuweka kingine mahali pake. Mwisho wa yote nilikuwa naishi kwa wali, viazi na tango. Mtu wa namna hiyo akipewa samaki na mayai atasikia nguvu zinarudi, na hakuna muujiza ndani yake. Kwa hiyo swali la kibofu na swali la upungufu wa lishe ni maswali mawili. Ukiyachanganya utaipa nyama sifa isiyo yake, au utaikataa wakati mwili wako unaihitaji.

Hapa kuna jambo ambalo sijaona likielezwa vya kutosha kwa walaji wa mimea wenye ugonjwa huu, na linaniumiza kila nikimwona mtu mpya anaangukia shimo lile lile. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mimea hufyonzwa kwa shida kuliko ya nyama, ndiyo maana asiyekula nyama hushauriwa apate mara 1.8 ya kiasi cha kawaida, na kiasi hicho kwa mwanamke anayeendelea kupata hedhi ni miligramu 18 kwa siku. Njia inayofundishwa kila mahali ya kusaidia ufyonzaji ni vitamini C: kamulia limau, kula na chungwa, weka nyanya. Yaani kile kinachosaidia damu ndicho kinachochoma kibofu. Ukiepuka limau kwa ajili ya kibofu, taratibu damu inashuka. Ukinywa vidonge vya chuma, vingi vimewekewa vitamini C humo humo, na hata visivyo nayo hufunga choo, na choo kikifunga kinakandamiza kibofu.

Nilitokaje? Brokoli na koliflawa zina vitamini C bila ule ukali, kwa hiyo sasa kila nikila maharage au dengu mojawapo iko sahani ile ile. Nafaka na jamii ya maharage naloweka muda mrefu na kumwaga maji, maana kuloweka kunapunguza fitati, kitu kinachoyashika madini ya chuma yasifyonzwe. Chai na kahawa, ambazo nazo huzuia chuma, nilikuwa nimeshaziacha. Daktari alinipa vidonge vya chuma visivyo na vitamini C, nikavimeza siku moja na kuruka moja. B12 sikuhangaika nayo kwa chakula. Mla mimea lazima aipate kwenye kidonge, sindano au chakula kilichoongezewa, hakuna njia ya kuikwepa, ingawa mahitaji ni mikrogramu 2.4 tu kwa siku kwa mtu mzima. Mimi nilianza kwa sindano, kisha kidonge cha B12 peke yake. Nasema peke yake kwa sababu vidonge mchanganyiko, vyenye vitamini C na B6 nyingi, vilikiwasha kibofu kila nilipovijaribu. Soma maandishi ya nyuma ya chupa.

Kuhusu kujisaliti. Mwaka 1944 Donald Watson na wenzake nchini Uingereza walipoanzisha chama chao na kulitunga neno "vigani", yaani mtu asiyetumia chochote kitokanacho na wanyama, walikuwa wanawafikiria wanyama. Maelezo ambayo chama hicho kinayatumia leo yanasema mtu aepuke kuwanyonya wanyama kwa kadiri inavyowezekana na inavyotekelezeka. Maneno hayo mawili niliyabandika ukutani. Wakati vyakula unavyoweza kula bila maumivu ni sita tu, damu imeshuka na huwezi kusimama kazini, kinachowezekana kwako si kile kinachowezekana kwa mtu mwenye afya njema. Nilikula samaki nikiwa na huzuni, sikuificha huzuni hiyo, na sikumruhusu mtu yeyote, wa upande wowote, anihukumu mezani. Leo situmii nyama wala samaki wala maziwa. Mayai bado nakula kibofu kinapochachamaa, kwa sababu siku hizo hata maharage tumbo linayakataa, gesi ikijaa inasukuma kibofu. Kuna watakaosema mimi si vigani tena. Sawa, sina ugomvi nao.

Ukitaka kujaribu, usianze na nyama. Anza kwa kuondoa vichokozi vyote wiki tatu hadi nne, ukibaki kwenye mimea iliyo pole, ila ushibe na upate protini. Kisha rudisha kimoja kimoja, kidogo siku ya kwanza, zaidi siku ya pili, na usubiri siku tatu kabla ya kingine. Soya ndiyo nakuomba uipime mapema, kwa kuwa ndiyo nguzo ya walaji mimea wengi na si wote inawaumiza. Mimi tofu isiyo na viungo naiweza mara moja kwa wiki, sosi ya soya hapana hata tone. Matokeo yako yatakuwa yako. Ukimaliza hapo na damu yako bado iko chini licha ya vidonge, au uzito unaendelea kushuka, hapo ndipo samaki au mayai yanakuwa jambo la kulizungumza na mtaalamu wa lishe, kwa utulivu, kwa muda mnaoupanga.

Maji usiyapunguze ukidhani utakojoa kidogo. Mkojo mzito unauma zaidi, kunywa kidogo kidogo mchana kutwa. Na chakula peke yake hakikunitosha. Nusu ya maumivu yangu ilikuwa kwenye misuli ya sakafu ya nyonga, iliyokuwa imejikaza kwa miaka, na fiziotherapia ya kuilegeza ilinisaidia kuliko nilivyotegemea. Kama kuna aliyekufundisha mazoezi ya Kegel ya kubana, yaache mpaka mtaalamu akupime, kwa sababu misuli ambayo tayari imekaza huzidi kuuma ukiibana. Usiku natumia amitriptilini, dawa inayotuliza maumivu ya neva, kwa dozi ndogo niliyoandikiwa.

Ukiona damu kwenye mkojo, homa, au maumivu ya ubavuni, hayo usiyasubirishe kwenye daftari la chakula, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nitumie orodha yako ya wiki moja ukishaiandika, pamoja na idadi ya mara ulizoamka kila usiku. Tutaiangalia pamoja mstari kwa mstari, na ukiwa na majibu ya damu ya karibuni, B12 na feritini (kipimo cha akiba ya madini ya chuma), yaweke pia.