Kabla Hujakariri Fomula, Fuata Elektroni

Jaribio langu la kwanza la bondi za kemikali, yaani namna atomu zinavyoshikana, nilipata 3 kati ya 20. Si kwamba sikusoma. Nilikesha, nikakariri fomula kama kasuku: NaCl, MgO, Al₂O₃, CO₂. Likaja swali la kueleza kwa nini magnesiamu oksaidi haiandikwi Mg₂O, nikabaki naikodolea macho karatasi. Majina nilikuwa nayo, ila sikujua atomu zenyewe zinafanya nini.

Tangu hapo nimekaa na vijana wengi waliokwama palepale nilipokwama mimi, na kila mara naanza kwa kuwafunikisha daftari la fomula. Chukua penseli, chora elektroni (chembe hasi zinazozunguka kiini cha atomu) za tabaka la nje. Protoni, chembe chanya, zimejichimbia kwenye kiini, hakuna mmenyuko wa kemikali unaozigusa. Zinazohama au kushirikiwa ni elektroni za nje. Gilbert Lewis, mwanakemia wa Marekani, alizichora kama vidoti kuzunguka alama ya elementi mwaka 1916, na mpaka leo sijaona njia nyepesi kuliko hiyo.

Sodiamu ina elektroni 11, zimepangwa 2, 8, 1. Klorini ina 17: 2, 8, 7. Ile moja ya sodiamu ikihamia kwenye klorini, zote mbili zinabaki na 8 kwenye tabaka la nje; sodiamu imekuwa ioni (atomu yenye chaji) chanya, klorini ioni hasi, na chanya na hasi huvutana. Hiyo ndiyo bondi ya ioni, na NaCl ndiyo chumvi ya mezani. Magnesiamu inatoa 2, oksijeni inapokea 2, hesabu imefungwa: MgO. Alumini inatoa 3 lakini oksijeni inapokea 2 tu, kwa hiyo unahitaji alumini mbili za kutoa 6 na oksijeni tatu za kuzipokea. Al₂O₃ imejiandika yenyewe.

Ila usimwamini sana anayekuambia sodiamu "inapenda" kutoa elektroni. Niliamini hivyo kwa miaka. Kuzing'oa elektroni hizo kwenye moli moja (kipimo cha idadi ya atomu) ya sodiamu ikiwa gesi kunagharimu kilojuli 496, na klorini ikizipokea inarudisha 349 tu. Biashara ya hasara! Deni linalipwa baadaye, ioni zinapojipanga pamoja kuwa fuwele: hapo zinatoka kilojuli kama 787. Chumvi ipo kwa sababu ya ule mpango mzima wa fuwele, wala si kwa sababu ya urafiki wa atomu mbili.

Ndiyo maana hakuna "molekuli ya chumvi". Kwenye lile jaribio nilichora viduara viwili vimeshikana, Na na Cl, mwalimu akapitisha kalamu nyekundu juu yake bila neno. Ndani ya punje ya chumvi kila ioni ya sodiamu imezungukwa na ioni 6 za kloraidi (klorini iliyokwisha kupokea elektroni), na kila kloraidi na ioni 6 za sodiamu, safu juu ya safu. NaCl ni uwiano tu, moja kwa moja.

Ukitaka kuuona huo mpango kwa macho, chukua vijiko viwili vya chuma, kimoja na sukari, kingine na chumvi, uvishikilie juu ya mshumaa (shika kwa kitambaa, mpini unachoma). Sukari inalegea, inakuwa kahawia, inaanza kunuka. Chumvi inaalika-alika kidogo kwa sababu ya maji yaliyonaswa ndani ya punje, kisha inatulia kama haijaguswa. Chumvi huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi, na mshumaa wako hauwezi kukifikisha kijiko huko.

Sukari ni jamii nyingine: atomu zake za kaboni, hidrojeni na oksijeni hazipokonyani elektroni, zinashirikiana. Hii ni bondi ya kovalenti, na hapa neno molekuli linafaa kabisa. Maji ni hivyohivyo, oksijeni moja ikishirikiana jozi moja ya elektroni na kila hidrojeni.

Kwa hiyo ni kupokonya au kugawana? Mara nyingi ni katikati. Mwanakemia Linus Pauling alianza mwaka 1932 kuipa kila elementi namba ya nguvu yake ya kuvuta elektroni. Leo namba hizo zinasomeka hivi: florini karibu 4, oksijeni 3.4, klorini 3.2, hidrojeni 2.2, sodiamu 0.9. Pengo kati ya sodiamu na klorini ni kubwa, elektroni imehama. Kati ya hidrojeni na hidrojeni hakuna pengo, wanagawana sawa. Oksijeni na hidrojeni wanagawana, lakini oksijeni anavutia kwake, na ndiyo maana molekuli ya maji ina upande hasi na upande chanya. Pande hizo ndizo zinazozing'oa ioni za chumvi kutoka kwenye fuwele.

Kanuni ya elektroni 8, kwamba atomu hutulia ikiwa na 8 kwenye tabaka la nje, nayo ni fimbo ya kutembelea, usiigeuze sheria. Boroni huridhika na 6 katika BF₃, salfa hushika florini 6 katika SF₆, yaani inazungukwa na elektroni 12. Sisi tulifundishwa kwamba gesi adimu haziungani na chochote, wakati mwanakemia Neil Bartlett alikuwa ameshaiunganisha zenoni, mojawapo ya gesi hizo, tangu 1962.

Kosa lililonikaa muda mrefu kuliko yote lilikuwa kudhani bondi ni akiba ya nishati, ukiivunja inafyatuka kama springi. Ni kinyume. Kuvunja kunagharimu siku zote, kuunda ndiko kunakotoa. Kuni zinawaka kwa sababu bondi mpya za kaboni dayoksaidi na maji hutoa nishati nyingi kuliko iliyotumika kuvunja zile za zamani na za oksijeni.

Kabla ya mtihani najaribu wanafunzi wangu kwa swali moja: maji yakichemka, yale mapovu yana nini ndani? Wengi hujibu hidrojeni na oksijeni. Ni mvuke wa maji, H₂O zilezile, bondi zake hazijaguswa. Kilichoachia ni mvutano kati ya molekuli na molekuli.