Miwani ya rangi haifundishi mtoto kusoma

SWALI: Mwalimu, kijana wangu yuko gredi ya nne. Bado anachanganya b na d, na neno alilosoma mstari wa juu likirudi chini halijui tena. Hospitali walimpima macho wakasema yuko sawa. Sasa kuna mtu anatuuzia miwani ya vioo vya rangi kwa shilingi 9,000, ati herufi zitaacha kucheza. Ninunue?
Mzazi, Kondele, Kisumu

JIBU: Usinunue, mama. Macho yamepimwa na ni mazima, basi habari ya macho imeishia hapo.

Leo jioni funika vitabu vyote. Mwambie aseme "kalamu", kisha aiseme bila "ka". Wengi wa rika lake watajibu "lamu" papo hapo. Wako akihangaika, jiulize: hapo hakuna herufi hata moja mezani, miwani ingemwonyesha nini? Jaribio hilo halitoshi kusema ana disleksia, yaani ule ugumu wa kusoma na kuandika unaodumu, lakini linaonyesha ugumu wenyewe hukaa wapi: kwenye kuzikata sauti za neno na kuzifunga kwa herufi zake. Hata b na d ni hivyo hivyo. Kikombe ukikigeuza kitabaki kikombe, ila b ukiigeuza imekuwa d. Kila anayeanza kusoma huteleza hapo. Ambaye sauti hazijamkaa huteleza kwa miaka.

Mpeleke kituo cha EARC. Vituo hivi vya kutathmini watoto vilianza mwaka 1984, na Kisumu kipo. Beba madaftari yake, hata yaliyojaa wino mwekundu, maana makosa yale ndiyo tunayoyasoma. Baada ya hapo ni kufundishwa sauti kwa mpangilio, kidogo kidogo, kila siku. Ni kazi ya miezi na miaka.

Kinachoniuma ni kwamba karibu kila muhula napokea mzazi aliyekwisha kumaliza pesa kwa miwani, sharubati ya akili au mafuta ya kupaka kichwani. Mwaka 2009 madaktari wa watoto na wa macho wa Marekani walitoa tamko la pamoja: hakuna ushahidi kwamba vioo vya rangi au mazoezi ya macho hutibu disleksia. Biashara bado inaendelea. Na mtoto anapozungushwa kwa wauzaji, darasani anaitwa mvivu, kwa sababu Kiswahili anajikokota nacho hadi mwisho lakini Kiingereza kinamshinda. Si ukaidi! Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Kiingereza huandika "though" na "tough" kwa mkia uleule na kuzitamka mbalimbali. Mtoto huyo akichapwa, anayemchapa anavunja sheria na hamfundishi lolote.

Wazazi wengine, anayewaahidi kwamba mtoto atasoma baada ya wiki sita, muulizeni ataanza na sauti zipi, na kwa nini hizo. Akigeukia bei, mfungulieni mlango aende.