Kupima mvua ya baharini kwa setilaiti: anza mbali na ufuo wa Mombasa

Ukitaka kujua mvua iliyonyesha baharini mbele ya Mombasa, usianze na mraba uliokalia kisiwa. Data ya IMERG, makadirio ya mvua ya setilaiti ambayo NASA huyatoa bure, huigawa dunia katika miraba ya digrii 0.1, kama kilomita 11 kila upande. Mraba wa kisiwa hukusanya majengo, kivuko na maji pamoja, na kihisi cha maikrowevu cha setilaiti hakiwezi kuvitenganisha.

Bahari hutoa takriban nusu tu ya mnururisho ambao joto lake lingeruhusu, kwa hiyo kutoka angani huonekana baridi sana. Matone ya mvua huonekana ya moto juu yake, na setilaiti huyapima yenyewe. Ardhi hutoa takriban asilimia 90. Hapo matone humezwa, na hesabu hubaki kutegemea barafu iliyo juu ya wingu, inayotawanya mawimbi ya gigahezi 89. Mvua ya mawingu mafupi yasiyo na barafu huonekana baharini, kisha hupotea ikivuka ufuo.

Kihisi cha GMI, kilichomo kwenye GPM, setilaiti ya kupima mvua iliyorushwa Februari 2014, huona eneo la kilomita 19 kwa 32 kwa mpigo mmoja kikitumia gigahezi 10.65. Kwa hiyo anzia longitudo 40.0 mashariki, latitudo 4.1 kusini, kama kilomita 35 kutoka kisiwani.

Fungua akaunti ya Earthdata, mfumo wa data wa NASA, kisha pakua faili za nusu saa. Toleo la Early hutoka baada ya kama saa 4, Late saa 14, na Final miezi mitatu na nusu hivi. Kwa utafiti, chukua Final. Ondoa kwanza thamani za -9999.9. Namba zilizobaki ni milimita kwa saa, si kwa nusu saa: zidisha kila moja kwa 0.5 ndipo ujumlishe, la sivyo mvua yako itakuwa maradufu.

Halafu saa. Siku ya IMERG huanza usiku wa manane wa Greenwich, ambao Mombasa ni saa tisa usiku. Kipimamvua cha kituo husomwa saa tatu asubuhi. Mvua ya alfajiri itaangukia tarehe tofauti kwenye majedwali mawili, na mtu ataisingizia setilaiti bure. Jumlisha mwenyewe kuanzia 06:00 ya Greenwich, yaani saa tatu asubuhi ya Mombasa.

Kagua pia MWprecipitation, sehemu ya faili yenye mvua iliyopimwa kwa maikrowevu. Ikiwa tupu, hakuna setilaiti ya maikrowevu iliyopita nusu saa ile. Thamani imejazwa kwa kusogeza mvua ya kabla na baada, wakati mwingine kwa msaada wa infraredi, inayoona joto la kilele cha wingu tu. Usiijengee hoja kuhusu manyunyu mamoja.

Dhoruba kali za masika zina shida yake. Mawimbi ya gigahezi 19 hufika kikomo mvua inapozidi. Gigahezi 10 huendelea, lakini mvua ya kilomita 3 ndani ya eneo la 32 hutoka pungufu. Kusi nayo huchafua uso wa bahari kwa povu, ukaonekana wa moto zaidi kidogo. Wastani wa miraba tisa kwa mwezi mzima hupunguza makosa ya bahati nasibu, ila upungufu wa dhoruba hubaki. Ili kuukadiria, linganisha na rada ya setilaiti hiyohiyo ya GPM, ambayo haibabaishwi na ufuo kiasi hicho. Chukua tu zile nusu saa ilizopita juu ya miraba yako.