Sista Ajibu: Saa mbili za daktari, mwaka mzima wako

Kwa miaka 26 nilisimama chumba cha upasuaji cha masikio, pua na koo, nikimkabidhi daktari patasi na kupokea pamba zenye damu. Mwezi huu nimeletewa barua nne, zote za pua. Nimezifupisha na majina nimeyaondoa.

*Shikamoo Sista. Nina miaka 28, mhasibu. Nimeweka akiba miaka mitatu na sasa nimepata tarehe ya kurekebisha pua yangu huko Istanbul. Ni pana, na tundu la kulia limeziba tangu nilipoanguka na baiskeli nikiwa darasa la sita. Daktari ameniandikia kwenye simu kwamba baada ya wiki moja nitakuwa sawa. Nijiandaeje? Na je, wiki moja inatosha kweli? Mama sijamwambia.*
*Binti wa Ngamiani, Tanga*

Marahaba mwanangu. Nianze na mama. Mwambie. Sisemi umwombe ruhusa, fedha ni zako na pua ni yako. Ila utarudi na weusi chini ya macho kama mtu aliyepigwa ngumi, na mama akikuona hivyo bila kujua kitu, mtaa mzima utajaa sebuleni kwenu kabla hujavua viatu.

Tena unahitaji mtu wa kwenda naye. Uvimbe haufiki juu siku ya upasuaji, hufika siku ya pili au ya tatu. Siku ya kwanza wagonjwa wangu walikuwa mashujaa, wanataka kioo, wanataka simu. Siku ya tatu macho yamefumba, pua zote mbili zimeziba, wanapumua kwa mdomo na koo limekauka kama gunia. Hapo unataka mtu wa kukuletea uji, siyo mhudumu wa hoteli. Nauli ya mtu wa pili ni sehemu ya gharama. Kama haimo kwenye hesabu zako, mhasibu, hesabu hazijafungwa.

Daktari akikwambia wiki moja, anamaanisha plasta ngumu ya juu ya pua, ambayo kwa kawaida hutolewa kwenye siku ya saba hivi, pamoja na nyuzi za nje. Hajamaanisha kwamba pua imepona. Omba likizo ya wiki mbili, na usikate tiketi ya kurudi kabla plasta haijatoka na yeye mwenyewe hajakuona na kukuruhusu kuruka. Ndani ya ndege inuka utembee kila baada ya muda, damu isigande miguuni.

Sasa hilo tundu la kulia, ulilolitaja kana kwamba ni jambo la pembeni. Kwangu mimi ndilo la kwanza. Ukianguka utotoni, ukuta wa kati wa pua huweza kupinda, na ukipinda huziba upande mmoja. Mtu akija kukupunguzia upana wa nje bila kuunyoosha ukuta wa ndani, ataifanya njia iliyokwisha kuwa nyembamba iwe nyembamba zaidi. Utapata pua ya upanga isiyopitisha hewa. Mwandikie daktari leo, mwambie habari ya baiskeli, na umuulize kama ataunyoosha ukuta katika upasuaji huohuo. Asipokujibu swali hilo, fedha zako zibaki benki.

Muulize pia atajengea nini. Wengi wetu tuna mgongo wa pua ulio chini na ngozi nene, kwa hiyo kazi siyo kupunguza tu, mara nyingi ni kuinua. Gegedu la kuinulia (ule mfupa laini kama wa sikioni) huchukuliwa kwenye ukuta wa kati, na lisipotosha, nyuma ya sikio au kwenye ubavu. Likitoka ubavuni utaamka kifua kinauma kuliko pua, na utakuwa na kovu chini ya titi, kwa hiyo kama una historia ya kovu linalovimba na kukua, mwambie. Wapo wanaoweka silikoni. Ni rahisi na ni haraka, lakini ni kitu kigeni: kinaweza kupata maambukizi au kuhama hata baada ya miaka. Nimewahi kupokea kwenye trei yangu kipande kilichokuwa kimeanza kuchungulia kwenye ncha ya pua ya mwenyewe.

Dawa. Wiki mbili kabla achana na aspirini, Brufen na diklofenaki, maana zinafanya damu ikawie kuganda. Wasichana wengi humeza diklofenaki ya tumbo la mwezi na hawaihesabu kuwa dawa. Nikiwauliza "unatumia dawa yoyote?" wanajibu hapana kwa roho safi. Tumbo likiuma meza Panadol. Vidonge vya kitunguu saumu, vitamini E na mafuta ya samaki navyo viweke kabatini. (Msomaji mwingine uliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo, usiiache kwa sababu umesoma safu hii. Muulize aliyekuandikia.)

Sigara na shisha acha angalau wiki nne kabla na wiki nne baada. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu, na ngozi ya ncha ya pua inaishi kwa mishipa hiyohiyo. Pima wingi wa damu, na pima selimundu kama hujawahi. Anayekupa nusu kaputi lazima ajue. Na kama unapaka mkorogo, sema. Mingi ina dawa za steroidi zinazofanya ngozi kuwa nyembamba, na hakuna atakayekucheka pale mezani.

Mambo madogo ambayo hospitali husahau kuyasema: nenda na mashati ya vifungo mbele, kwa sababu dera la kuvulia kichwani litang'oa plasta. Suka mabutu mepesi kabla ya safari, hutainamia beseni la saluni kwa muda. Toa kope za bandia na rangi ya kucha, kile kibanio cha kidoleni kinachosoma hewa ya damu hakipendi rangi. Kula kunakoma muda wa saa sita kabla ya upasuaji, maji matupu muda wa saa mbili kabla, na chai ya maziwa ni chakula. Nimeona upasuaji ukiahirishwa kwa kikombe kimoja cha chai ya maziwa.

Baada ya hapo ni nyumbani, na nyumbani ndipo pua nyingi zinapoharibiwa. Binti wa kaka yangu aliuguzwa kwangu. Siku ya nne nilitoka kwenda sokoni, niliporudi nikamkuta amefunikwa blanketi juu ya sufuria ya majani ya mchaichai na mwarobaini, jirani yangu mpendwa amesimama pembeni na kitambaa cha maji moto tayari kwa kumkanda. Alikuwa na nia njema kabisa. Mvuke unapanua mishipa ya damu, na damu ilikuwa imeshaanza kudondoka ndani ya sufuria. Tukakaa naye dakika kumi na tano ameinama mbele kidogo, ikakata. Nyungu hapana, kukanda hapana. Baridi inaruhusiwa, na iwe mashavuni: barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, usiiweke juu ya pua yenyewe.

Lala chali, kichwa juu ya mito miwili au mitatu, wiki mbili. Usipenge kamasi wiki mbili. Chafya ikija fungua mdomo wazi iendee huko, hata kama ni kanisani. Ndani ya pua tumia maji ya chumvi ya duka la dawa kama ulivyoelekezwa, na magamba ya damu usiyachokonoe kwa kidole wala kijiti. Kula laini, pilipili ipumzike, maana inaleta kamasi. Kutembea ndani ya nyumba anza kesho yake. Ndoo ya maji usibebe kwa wiki nne mpaka sita. Miwani isikalie mgongo wa pua kwa muda huohuo.

Matone yenye damu siku mbili tatu ni ya kawaida. Usisubiri asubuhi ukiona haya: damu nyekundu isiyokata baada ya dakika kumi na tano, homa inayopita nyuzi 38, maumivu yanayozidi badala ya kupungua huku pua ikikaza pande zote (damu inaweza kuwa imejikusanya kwenye ukuta wa kati, na hiyo hula gegedu), maji yasiyo na rangi, yenye ladha ya chumvi, yanayodondoka puani tone tone, ngozi inayogeuka nyeusi, au kifua kubana na mguu mmoja kuvimba. Ndiyo maana nakwambia, kabla hujapanda ndege mtafute daktari wa pua hapa nyumbani atakayekubali kukuona ukirudi, na usiondoke Istanbul bila ripoti ya upasuaji iliyoandikwa kwa Kiingereza. Daktari wa hapa hawezi kusoma Kituruki, wala hawezi kukisia walichokuwekea ndani.

*Assalaam alaykum. Nipo siku ya tisa tangu nifanyiwe. Nashindwa na udhu: nipandishe maji puani au nisipandishe? Na kusujudu je? Kichwa kikiinama pua inapwita.*
*Muulizaji, Mkunazini, Zanzibar*

Waalaykumu salaam. Mimi ni Mbondei wa Muheza niliyelelewa misheni, kwa hiyo upande wa dini nilikwenda kwa shemeji yangu anayesomesha madrasa. Kanikumbusha kwamba kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani yetu, kupandisha maji puani kwenye udhu ni sunna, si faradhi, kwa hiyo udhu wako unasimama bila hiyo. Mgonjwa asiyeweza kusujudu huashiria akiwa amekaa. Juu ya kupangusa plasta kwa maji alinipa maelezo marefu ambayo sitayabeba vibaya hapa. Muulize imamu wako.

Upande wangu ni huu: maji ya bomba yasivutwe ndani ya kidonda, hayana usafi huo na nguvu ya kuyavuta inaweza kufungua damu. Kuinamisha kichwa chini ya moyo kunaongeza shinikizo usoni, ndiyo hiyo inayopwita. Subiri wiki mbili zitimie na daktari akuangalie. Pwito ikiendelea hata ukiwa umekaa wima, usisubiri.

*Sista, mimi mwanaume, miaka 34. Nilifanya pua wiki sita zilizopita na nimejuta. Ncha imevimba kama nyanya, asubuhi zaidi. Nikijipiga picha naona pua pana kuliko ya zamani. Nimeshaanza kutafuta daktari wa kuirudia. Pia nataka kurudi kwenye timu yetu ya mtaa.*
*Wa Eastleigh, Nairobi*

Pole ndugu yangu. Acha kutafuta daktari. Wiki sita ni changa mno. Uvimbe wa macho huondoka wiki ya pili au ya tatu, wa mgongo wa pua unafuata, na ncha hubaki mwisho. Kwa ngozi nene kama zetu ncha huchukua mwaka, hata mwaka na nusu. Asubuhi inazidi kwa sababu umelala, maji ya mwili yamekuja usoni. Mchana ukitembea yanashuka. Hakuna daktari makini atakayekukata tena kabla ya miezi kumi na miwili, kwa kuwa ndani kovu bado linajipanga na atakuwa anachonga udongo ambao haujakauka. Akikubali wiki hii, mkimbie. Kuna sindano za kupunguza uvimbe wa ncha ambazo aliyekufanyia anaweza kuzifikiria. Hilo ni la kuzungumza naye, si la kununua mtaani.

Hizo picha nazo, acha. Simu ikiwa karibu, sentimita 30 hivi kutoka usoni, huipanua pua kwa takriban asilimia 30 ukilinganisha na picha ya mita moja na nusu. Ilikokotolewa Marekani na kuchapishwa 2018. Ukitaka kujifuatilia, mpe mtu simu, asimame mbali, mara moja kwa mwezi, mahali palepale na mwanga uleule. Na juani vaa kofia yenye ukingo, makovu mapya hubaki meusi.

Mpira: kukimbia polepole peke yako sasa unaweza, ukishamuuliza daktari wako. Mechi yenye viwiko na vichwa, mimi ningekuzuia mpaka miezi sita. Mifupa ya pua ilikatwa kwa patasi na nyundo ili isogezwe. Nimeusikia mlio ule mara nyingi, ni mlio wa karakana ya seremala, na sitaki wewe uusikie mara ya pili kwa sababu ya kona iliyopigwa vibaya.

*Shikamoo. Mwanangu ana miezi miwili. Mama mkwe kila akimwogesha anambana pua kwa mafuta ya nazi, anaivuta ili isiwe bapa kama ya baba yake. Mtoto analia. Je, inasaidia?*
*Mama wa kwanza, Morogoro*

Marahaba. Haisaidii. Umbo la pua linatoka kwa wazazi, na pua yenyewe huendelea kukua mpaka balehe inapita. Mtoto wa miezi miwili anategemea pua kupumua kuliko mdomo, ndiyo maana analia ukimbana. Mwambie bibi kwa upole kwamba mafuta ya nazi yanafaa mgongoni na miguuni, na kumwogesha mtoto mshike zamu. Baba yake naye umpe salamu zangu, kama mke alimpata na pua hiyohiyo, mtoto ataona njia.