Kilo Zilirudi, na Sikuwa Mlafi

Juzi dada mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, kaniandikia: "Dada, nilipungua kilo 9 kabla ya sendofu. Zimerudi zote, mume ananicheka. Nifanyeje?" Nilikuwa kwenye daladala la Buzuruga. Nikaanza kucheka, halafu nikanyamaza, maana huyo ni mimi kabisa.

Mwaka 2019 nilishuka kutoka kilo 92 mpaka 77 ndani ya miezi 4. Asubuhi chai ya rangi, mchana tango, usiku maji. Yaliyobaki nisiwachoshe, ni njaa tu. Nikapendeza, nikapiga picha pale Capri Point, mawe na ziwa nyuma yangu. Baada ya hapo ndipo mambo yalipoharibika. Saa 8 za usiku nilikuwa nasimama jikoni gizani, nakwangua ukoko wa wali kwa kijiko, taratibu, kisilie kwenye sufuria. Mwaka ulipokwisha nilikuwa na kilo 95. Kwenye kikao cha harusi shangazi mmoja akasema mbele ya watu, "Huyu tumbo lake halina breki." Sijasahau. Mwenye namba yake amtumie makala hii.

Shangazi, breki ziko kichwani. Mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman kule New York. Inasafiri na damu hadi kwenye vipokezi vilivyo sehemu ya ubongo inayoitwa haipothalamasi, inaingia kama ufunguo kwenye kitasa, na ubongo unajua akiba ipo. Ukikonda haraka, leptini inashuka. Ubongo haujui kuna sendofu, unadhani ukame umeingia! Unakuongezea njaa na kubana matumizi ya nguvu, na tumbo nalo linazidisha grelini, homoni ya njaa.

Mbona basi wanene, wenye leptini tele, wanasikia njaa? Ubongo wao umeizoea, kama sisi tuliokulia jirani na mashine ya kusaga. Na wapo wanaozaliwa na hitilafu kwenye kipokezi cha ubongoni kinachosaidia kuzima njaa, kiitwacho MC4R, wakawa na njaa kali tangu utotoni. Huyo naye utamwambia ajikaze?

Kwa hiyo mdogo wangu, usikimbilie. Punguza polepole. Kula samaki, kula maharage, vinashibisha na shibe yake inakaa. Lala mapema. Usiruke chakula, nimesema usiruke! Nanyi mabinti mnaojinyima wiki 2 ili gauni lifunge, gauni ni la siku moja, huo ubongo mtaishi nao. Na waume, acheni kucheka.

Mimi leo nina kilo 84, zimenichukua miaka 2. Jumapili nachemsha sato wa Mwaloni, na shangazi nimemwalika.