Mbegu za paipai kukataa kuota Kisumu

Dadangu wa Ahero, pole sana. Umesema ulikausha mbegu za paipai ukaziweka kwa mkebe chini ya mabati tangu msimu uliopita na zimeota chache tu, na sasa unauliza kama friji ingesaidia. Shida kubwa hapo ni joto, Kisumu mchana inagonga digrii 30 na chini ya mabati inapita hapo, mbegu inajichosha ikiwa bado mkebeni. Tafuta mahali pakavu pa baridi kiasi, digrii 15 hivi, lakini friza usiguse kabisa.

Halafu ule utando wa utelezi, uliutoa? Huo ndio unazuia kuota, sugua mbegu na mchanga, osha, kausha kivulini. Siku ya kupanda loweka kwa maji ya uvuguvugu masaa 24, ukibadilisha maji, kisha panda palepale kwa udongo wenye joto na usubiri wiki mbili hadi nne, tafadhali usizifukue mapema.

Lakini embe na avokado usifanye hivyo, hizo zikikauka zinakufa, panda zikiwa mbichi.